Marigu Wawili Katika Darasa la Mama

Ujerumani,
Jumapili jioni.

Kwa Mama yangu, Mwalimu Wanja,
Kibugu.

Mama,

Hamjambo huko nyumbani? Mguu wako unaendeleaje, ule uliokuwa ukikusumbua ukishuka shambani? Na Baba je, kile kikohozi alichosema ni vumbi tu kimeisha? Mvua imeyafanyia nini majani ya chai? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini, narudi. Baridi ya huku imeanza kuuma, lakini mtoto wa Kibugu aliyelelewa akichuma majani kwenye ukungu wa asubuhi hawezi kulalamika sana mbele ya Wazungu. Nawaachia wao walalamike.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu imeshindwa. Kila nikipiga, dada Wawira anapokea na kuninong'oneza kama mtu aliye kanisani, "Mathe ako kwa class, piga baadaye." Nikipiga baadaye, unasahihisha kazi za wanafunzi wako. Nikipiga baadaye zaidi, unatengeneza maswali ya wiki ijayo. Basi nimeona nikuandikie, maana ni wewe uliyetufundisha kwamba Kiembu ni cha kuongea jikoni, na jambo zito huandikwa kwa Kiswahili, kwa wino, bila kufutafuta. Jambo hili ni zito. Nina wivu. Nimelisema mapema ili usihangaike kulitafuta katikati ya mistari na kalamu yako nyekundu.

Namwonea wivu Ingrid, mwanafunzi wako wa Norwe.

Mwanzoni nilifurahi, Mungu anajua. Ulipostaafu niliogopa kwamba utakaa tu barazani ukihesabu kuku na kugombana na Baba. Wawira alipokuletea ile kompyuta kuukuu kutoka kwenye saiba yake, lile duka la intaneti pale Embu mjini, akakuonyesha jinsi mtu anavyoweza kufundisha Kiswahili watu walio mbali, nilishukuru. Hapa kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakowaogesha watu na kuwalisha, nilijigamba kwa kila mtu. Niliwaambia mama yangu ana wanafunzi nchi mbalimbali, na anawafundishia kwenye meza ileile niliyokuwa nakatia sukuma wiki. Hata yule mzee asiyesikia vizuri nilimwambia, mara nyingi, kwa sauti kubwa.

Kisha habari za Ingrid zikaanza. Ingrid ameandika insha kuhusu mvua. Ingrid ametuma picha ya theluji. Ingrid ameuliza chapati inakandwa vipi. Ingrid ana bidii, Ingrid ana adabu, Ingrid haji darasani akiwa amechelewa hata siku moja. Nilikuwa nikikupigia nikueleze jinsi mgongo unavyoniuma baada ya kumwinua mtu mzima kitandani, unaniambia pole tu, halafu kabla sijamaliza kukohoa unaniambia Ingrid naye anaumwa na mgongo.

Hilo nililimeza. Lakini jina, Mama. Jina limenikwama.

Wewe unajua vizuri kuliko mimi jinsi kwetu tunavyopeana majina. Wawira, kwa kuwa ni wa kwanza, alipewa la mama yake Baba. Mimi nikapewa la mama yako. Ndiyo maana tangu nikiwa nanyonya hujawahi kuniita Marigu. Umeniita mama. "Mama, lete kuni." "Mama, mbona umechelewa mtoni?" Hata siku za kunichapa ulinichapa ukiniita mama. Nilipoanza shule nilidhani watoto wote huitwa mama na mama zao, nikashangaa kusikia wenzangu wakiitwa kwa majina. Na siku ile mnanisindikiza uwanja wa ndege ulinishika mkono ukasema, "Nenda salama, mama," na askari aliyekuwa akikagua mizigo akatutazama, asijue nani kamzaa mwenzake.

Huku hakuna anayeniita hivyo. Jina langu limeandikwa kwenye beji kifuani na wanalisoma kama wanavyosoma jina la dawa. Nimezoea. Nilijua kuna mahali pamoja duniani ambapo nikiingia mlangoni nitaitwa kwa lile jina lingine, na pale ni kwako.

Sasa mwezi uliopita Wawira ananipigia, anacheka kabla hata ya salamu.

"Si Ingrid anakuja Christmas!" akaniambia. "Atalala kwa room yako. Tumeipaka rangi, imekaa poa, hata wewe utapenda."

"Rangi gani?"

"Pink hivi. Si ati ni pink sana."

"Nani alichagua pink?"

"Walipiga kura. Mathe aliweka rangi nne kwa screen, kila mtu akabonyeza yake. Ilikuwa lesson ya rangi, so tukaona tusiwaste, tupake ile itashinda."

Mama, kura ilipigwa juu ya kuta za chumba changu na mimi sikuwa mpiga kura. Mtu wa Kanada alipiga. Mtu wa Korea alipiga. Mimi ninayejua ni wapi kwenye ule ukuta pana alama za urefu wetu, za Wawira upande wa kushoto na zangu kulia, nilikuwa nabadilisha mashuka ya wazee.

"Na bado hujasikia," Wawira akaendelea, hajui anagusa kidonda gani. "Mathe amewapea wote majina za huku. Ingrid ndiye Marigu."

Nilimwambia kuna mtu ananiita kazini. Hakukuwa na mtu.

Basi nilifanya hivi. Nilimdanganya Wawira kwamba mwenzangu wa kazini anataka kuonja somo moja kabla ya kujiandikisha, naye akanitumia kiungo cha kuingilia. Jumamosi iliyopita niliomba ruhusa, nikajifungia jikoni kwangu, nikazima kamera, nikazima kipaza sauti. Pale wanapouliza jina, nikaandika Jirani.

Nikakuona. Ulikuwa umevaa ile nguo yako ya buluu ya kanisani na miwani mipya ambayo sikuwa nimeambiwa habari zake. Nyuma yako palikuwa na pazia nisilolijua. Ulikuwa ukiita majina kama ulivyokuwa ukiita darasani zamani, mmoja mmoja, na kila mmoja akiitika unamtazama kana kwamba ameketi dawati la mbele. Ulipomwita mzee wa Kanada uliyempa jina la Baba, Baba mwenyewe akajitokeza kutoka pembeni, akainamisha uso mbele ya kamera mpaka tukaona paji tu.

"Uyo ni wajina wangu! Njeru, baridi iko aje uko kwenu?"

"Baba Wawira, sema 'ikoje'," ukamwambia.

"Iko je?" Baba akasema, na darasa zima likacheka, na mimi nikacheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza. Kwa dakika hiyo sikuwa na wivu wowote. Nilikuwa nyumbani.

Kisha ukasema, "Mama, hujambo?"

Niliitika. Usiku na mchana wa miaka yangu yote umenifundisha kuitika hilo neno bila kufikiri, nikaitika kwa sauti, "Sijambo!" Na papo hapo kwenye kompyuta sauti nyingine, nyembamba, yenye uangalifu, ikasema, "Sijambo, Mwalimu. Na wewe hujambo?" Ukatabasamu. Ukamtazama. Kipaza sauti changu kilikuwa kimezimwa, kwa hiyo aliyesikia sauti yangu ni jokofu.

Nikakaa nikakutazama ukifundisha, na wivu ukarudi wote, ukaja na ndugu zake. Mama, ulijifunzia wapi subira hiyo? Ingrid alikuwa akitafuta neno la kusema, akakwama, ukamngoja. Ulimngoja na kichwa kikiwa kimeinama kidogo, bila kuguna, bila kupiga meza kwa rula. Alipolipata ukampa nyota, nyota ya dhahabu iliyozunguka kwenye skrini na kulia kama kengele. Mimi na Wawira tulikosea ngeli ukatufukuza mezani tukale uji nje na mbwa. Sisi tulipata wino mwekundu, na huyu anapata nyota! Nimejifunza Kijerumani kwa simu, Mama, kwenye chumba cha kufulia wakati wa mapumziko, na hiyo simu hunipigia tarumbeta nikipatia, lakini haijawahi kuningoja hata mara moja, wala kuniuliza kama nimekula. Ningelipa chochote kufundishwa na huyo mwalimu niliyemwona Jumamosi. Ajabu ni kwamba amekuwa akikaa na mama yangu wakati wote huo.

Halafu ukaanzisha mchezo wa maswali. Nilijiambia, hapa sasa. Kiswahili ni changu, nyumba ni yangu, wacha niwaonyeshe. Picha inatokea juu, chini vinatokea visanduku vinne vya rangi vyenye majibu, saa inakimbia, anayebonyeza jibu sahihi kwa haraka anapata alama nyingi, na baada ya kila swali majina yanapangwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mkia. Somo lilikuwa "Nyumbani kwa Mwalimu".

Picha ya kwanza ilikuwa kuni. "Kuni za Mwalimu huwekwa wapi?" Nilibonyeza "nyuma ya jiko" kabla hujamaliza kusoma swali. Kosa. Zinawekwa chini ya tangi la maji, kwa sababu lile jiko la zamani limebomolewa. Wote walijua.

Picha ya pili ilikuwa lango letu. "Nani hufungua lango asubuhi?" Nikabonyeza Baba. Nani mwingine? Tangu nizaliwe ni Baba, na koti lake, na ule mlio wa komeo unaotuamsha sote. Kosa. Ni Wawira, maana Baba haruhusiwi kutoka kwenye ubaridi mpaka jua litoke. Ingrid alijua. Yule wa Korea alijua. Mimi mliniambia ni vumbi.

Picha ya tatu ilikuwa ng'ombe. "Ng'ombe wa Mwalimu anaitwa nani?" Neema, Simba, Tausi, Malaika. Ningeweza kulijibu hilo nikiwa nimelala. Ni mweusi, ana doa jeupe pajani, sikio la kushoto limelegea. Nimemkamua miaka mingapi, amenipiga mateke mara ngapi? Nikabonyeza Tausi.

Ukasoma matokeo. "Watu wote wamesema Neema. Vizuri sana. Mtu mmoja amesema Tausi."

Ingrid akacheka, bila ubaya, lazima niseme ukweli. "Lakini Mwalimu, tausi ni ndege."

"Hapa kwetu Tausi alikuwa ng'ombe," ukamwambia. "Tulimwuza. Neema ni mtoto wake. Wamefanana sana, mtu akiwa hajafika hapa kwa muda hawezi kuwatofautisha." Ukasogea karibu na kamera, ukashusha miwani, ukasoma jina langu la uongo polepole. "Jirani. Wewe Jirani, Tausi ulimjulia wapi?"

Nikafunga kompyuta. Niliifunga kwa nguvu kama mtu anayefunika sufuria iliyoshika moto.

Kwa hiyo sasa unajua Jirani ni nani, ingawa najua ulijua saa ileile. Na mimi nataka kukuuliza maswali yangu, na sina visanduku vya rangi. Kwa nini mtu wa Norwe anajua Tausi ameuzwa na mimi sijui? Kwa nini anajua kifua cha Baba? Mnaniambia "huku ni kuzuri tu, usijali" kisha mnaweka nyumba nzima kwenye skrini, jiko na lango na ng'ombe, mnawafundisha wageni. Mmenitunza nisipate wasiwasi mpaka nimekuwa mgeni, nao wageni wamekuwa watu wa nyumbani. Niliibuka wa mwisho, Mama. Wa mwisho kabisa, chini ya mtu aliyejiunga wiki hiyo. Kwenye nyumba yangu.

Na kitanda. Simtakii Ingrid mabaya, lakini silali vizuri nikifikiria kwamba Krismasi ataamka kwenye kitanda changu, atoke sebuleni akiwa na usingizi machoni, nawe umwambie, "Mama, umelalaje?"

*

Nilikuwa nimefika hapo nikaiacha barua, kwa sababu mkono ulianza kuandika vibaya na najua ungenitoa alama. Nimeirudia leo. Kuna jambo limetokea na siwezi kujifanya halijatokea, wala siwezi kufuta ya juu, maana tunaandika kwa wino.

Jana nikiwa kazini simu ililia. Ulikuwa umenitumia kiungo cha mchezo, bila maneno mengine, hata salamu. Nikaingia kwenye chumba cha kufulia, nikakifungua nikiwa nimesimama kati ya mashuka. Kulikuwa na swali moja tu. Juu, picha ya kitanda changu, na blanketi langu lenye mistari, na kuta za pink ambazo, sawa, si mbaya sana. Wawira hakupaka juu ya zile alama za urefu, nimeziona. Chini yake umeandika, "Kitanda hiki ni cha nani?"

Kisanduku chekundu: "Ni cha mama yangu."
Cha buluu: "Ni cha mama yangu."
Cha njano: "Ni cha mama yangu."
Cha kijani: "Ni cha mama yangu."

Na saa ulikuwa umeizima. Nilingoja ianze kukimbia, haikukimbia. Wewe, Mwalimu Wanja, ambaye hujawahi kumpa mtu alama ya bure tangu uanze kushika chaki, umenitungia swali lisilowezekana kukosewa, ukaningoja.

Niliketi juu ya kapu la nguo nikalia. Mwenzangu akaingia, akauliza kuna nini, nikamwambia ni mtihani.

Usiku nilimpigia Wawira nikamwuliza ile habari ya jina ilianzaje. Akanieleza vizuri, safari hii bila kucheka.

"Ingrid hata hakuomba. Walikuwa wanapewa majina, ikafika yake, mathe akatoa miwani kwanza. Halafu akasema, 'Huyu ataitwa Marigu.' Mimi nikamwuliza baadaye, mbona hiyo? Akaniambia amekaa sana bila kuita mtu mama na asikie ameitikiwa. Ati mdomo ulikuwa umemiss."

Ningependa kuandika hapa kwamba wivu umeisha. Haujaisha. Umepungua makali, ndilo neno. Namwonea Ingrid wivu kwa sababu aliitikia mahali ambapo ningeitikia mimi, lakini nimeelewa ulikuwa ukimwita nani.

Basi tukubaliane, mimi na wewe. Likizo ya Krismasi wamenikatalia, nitakuja mwezi wa nne mvua ikianza. Ingrid aje, mmpokee vizuri, mmpikie mukimo, Baba amwonyeshe shamba. Alale chumba cha Wawira. Jina namwazima, kwa kuwa ni mtu wa adabu na hakulichukua kwa mikono yake. Kitanda siazimi mtu. Na kuanzia leo, mambo yoyote utakayoyaweka kwenye maswali ya Jumamosi, niambie mimi Ijumaa. Kifua cha Baba kwanza. Nataka kusikia daktari alisema nini, maneno yake yote, hata yale mnayodhani yatanikosesha usingizi. Usingizi nilishaukosa kwa sababu ya ng'ombe.

Msalimie Baba, mwambie akae ndani mpaka jua litoke, na amwambie wajina wake wa Kanada afanye hivyo pia. Msalimie Wawira, dada yangu mwenye mdomo usio na mlango, mwambie nimemsamehe ile pink. Shemeji, mume wake, akija kutoka Maua mwambie asikae tena nyuma yako akitafuna miraa wakati wa somo, maana nilimwona, na yule wa Korea aliuliza ni mboga gani. Msalimie shangazi yangu wa Kanja, anayeshona sare za kwaya, na mama mchungaji. Neema mpe majani mazuri kwa niaba yangu. Tutafahamiana.

Swali lako nimelijibu asubuhi hii. Nilibonyeza chekundu, rangi ya wino wako, unajua kwa nini.

Na Jumamosi nitaingia darasani tena, safari hii kwa jina langu, kamera ikiwa wazi na kipaza sauti kikiwa wazi. Tutakuwa Marigu wawili. Ukifika mahali pa kusema, "Mama, hujambo?" usimtazame yeyote kati yetu. Sema tu, halafu usikilize nani atakayetangulia kuitika.

Ni mimi, mama yako,

Marigu.